Sare, Maleba na Vazi la Jadi: Istilahi za Mavazi ya Kwaya za Watoto

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa barua, ratiba na matangazo ya sherehe ni yale yanayotaja mavazi ya waimbaji. Tatizo hili huonekana wazi katika Karatu na Ngorongoro, ambako wageni wasemao Kijerumani hufika kila mwaka. Kwaya ya watoto wa shule ikiimba mbele ya wageni hao, mwenyeji hutaka kueleza watoto wake wamevaa nini. Mgeni naye hutaka kueleza kwaya za kwao huvaa nini. Mara nyingi maneno matatu hutumiwa kana kwamba ni mamoja: sare, maleba na vazi la jadi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa si mamoja, na kwamba kuyachanganya kwaweza kumvunjia mtu heshima.

Tuanze na Kijerumani. Neno litumiwalo huko ni Tracht, linalotokana na kitenzi tragen, yaani kubeba au kuvaa. Maana yake ni vazi linalowatambulisha watu wa mahali fulani au wa kazi fulani. Kwa hiyo kuna Tracht ya watu wa bonde fulani, na kuna Tracht ya wauguzi. Kwa vazi la mwigizaji wanalo neno jingine, Kostüm. Na kwa sare ya askari wanalo Uniform. Mjerumani anayelienzi vazi la kwao hapendi liitwe Kostüm, kwa kuwa neno hilo laashiria kuigiza.

Mfano mzuri ni kofia iitwayo Bollenhut, ya vijiji vya Gutach, Kirnbach na Reichenbach katika Msitu Mweusi, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Kofia hiyo ina mafundo makubwa 14 ya sufu. Msichana huanza kuivaa baada ya kipaimara, nayo huwa na mafundo mekundu. Akiisha kuolewa huvaa ile yenye mafundo meusi. Hivyo mtazamaji aijuaye desturi hiyo humtambua mwari na mke wa mtu kwa kutazama kichwa tu. Mtoto mdogo wa kwaya hana ruhusa ya desturi kuivaa kofia hiyo, hata kama inapendeza machoni pa watalii.

Jambo hilo si geni kwetu. Kando ya Ziwa Eyasi, katika Wilaya ya Karatu, wanaishi Wadatoga. Sketi yao ya ngozi yenye vipande virefu vinavyoning'inia ni vazi la mwanamke aliyeolewa, na lina heshima kubwa miongoni mwao. Katika njia ya kwenda Ngorongoro huonekana wavulana wa Kimasai waliovaa nguo nyeusi, nyuso zao zimechorwa kwa rangi nyeupe. Hao wametoka kutahiriwa, na nguo ile nyeusi hutangaza hali hiyo. Mwalimu atakayemvika binti wa darasa la tatu sketi ya mke wa Kidatoga, au kumpaka mvulana yeyote rangi nyeupe ili kwaya ipendeze, atakuwa amesema jambo lisilo kweli mbele ya wenye vazi lao. Na mfasiri atakayeandika katika ratiba kwamba hayo ni “sare za kwaya” atakuwa amelizidisha kosa.

Sasa tuyapambanue maneno yetu. Sare msingi wake ni usawa. Timu mbili zikifungana mabao sawa, twasema zimekwenda sare. Kwa hiyo sare ni nguo ya namna moja iliyochaguliwa ili wote wafanane, nayo yaweza kubadilishwa mwakani bila ya kumwudhi yeyote. Maleba, kwa mujibu wa matumizi ya taaluma ya sanaa za maonyesho, ni mavazi na mapambo ya mchezaji awapo jukwaani, yanayomsaidia aonekane kuwa mtu mwingine. Vazi la jadi ni lile ambalo watu wamelirithi kwa wazee wao na ambalo lina kanuni: nani alivae, wakati gani, na kwa sababu gani.

Kutokana na maana hizo twapata kipimo chepesi. Mtoto wa Kimasai akiimba amevaa rubega, amevaa vazi la jadi la kwao. Mwenzake wa Kiiraqw akivikwa rubega hiyohiyo ili aigize Mmasai, huyo amevaa maleba. Wote wawili wakivaa shati jeupe na kaptura ya buluu, hiyo ni sare. Nguo yaweza kuwa ileile moja, lakini jina lake hubadilika kwa kumfuata mvaaji na kusudi lake.

Kipimo hicho chafaa kwa nyimbo pia. Kwaya ya watoto ya Obernkirchen, iliyoanzishwa mwaka 1949 kaskazini mwa Ujerumani, ilipata sifa duniani baada ya kushinda mwaka 1953 katika tamasha la Llangollen, huko Wales. Wengi hudhani wimbo uliowapa umaarufu huo ni wa jadi. Kumbe muziki wake ulitungwa na Friedrich-Wilhelm Möller, ndugu wa Edith Möller aliyeiongoza kwaya hiyo. Si kila wimbo uimbwao na watoto waliovaa nguo za mababu ni wimbo wa jadi.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu majina ya mavazi yamewahi kuwa na uzito serikalini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 iliendeshwa kampeni ya kuwataka Wamasai waache rubega na kuvaa nguo zilizohesabiwa kuwa za kisasa. Leo rubega hiyohiyo hupamba matangazo ya utalii. Katika hali zote mbili, vazi lilizungumziwa na watu wasiolivaa. Karani anayeandika “maleba ya Kimasai” akikusudia nguo ambayo mtu huchungia ng'ombe kila siku, humgeuza raia kuwa mwigizaji katika nchi yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Tracht ya mahali ifasiriwe kuwa vazi la jadi, na mwenyewe atajwe: vazi la jadi la Gutach, wala si “la Wajerumani” wote, kama vile rubega isivyokuwa vazi la Watanzania wote. Tracht ya kazi, kama ile ya wauguzi, iwe sare. Neno maleba libaki kwa ajili ya uigizaji. Vazi linaloonyesha ndoa au jando lielezwe hivyo waziwazi. Ama neno kienyeji, yafaa liepukwe hapa, maana wasikilizaji wengi hulihusisha na kitu duni.

Tena, kabla ya kuandika jina lolote, mfasiri amwulize mwenye vazi. Karatu, ambako Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wamasai ni majirani, mtu huyo hayuko mbali.