Bingwa Hupimwa kwa Waliomkabili: Shauri la Floyd Patterson

Kila panapokutana watu wapendao mchezo wa ngumi, hapakosi ubishi juu ya mabingwa waliopita. Mmoja atasema kwamba fulani alikuwa hodari kupita wote, mwingine atamwuliza papo hapo, "Alipigana na nani?" Swali hilo la pili ndilo zito. Mkimbiaji akikimbia maili moja, saa itasema kweli hata kama amekimbia peke yake. Mpiganaji wa ngumi hana saa ya kumpima. Kipimo chake ni mtu aliyesimama mbele yake ulingoni. Na bingwa, pamoja na meneja wake, wana uwezo mkubwa wa kumchagua mtu huyo. Wakichagua wanyonge, bingwa atashinda siku zote, na watu hawatajua kamwe ni bingwa wa namna gani.

Katika mabingwa wa dunia wa uzito wa juu, wachache wamebishaniwa kwa jambo hili kama Floyd Patterson wa Marekani. Alishika ubingwa tangu mwaka 1956 mpaka 1959, na tena tangu 1960 mpaka 1962. Alifariki mwaka 2006, lakini shauri lake halijafungwa. Wapo wamwitao bingwa wa kuchaguliwa wapinzani, na wapo wamwitao mmoja wa watu wenye moyo mkuu waliopata kuvaa glavu. Yafaa kuzisikiliza pande zote mbili kabla ya kutoa hukumu.

KIJANA WA BROOKLYN

Patterson alizaliwa tarehe 4 Januari, 1935, katika jimbo la North Carolina, akalelewa Brooklyn katika mji wa New York. Jamaa yake walikuwa maskini, na yeye alikuwa mtoto mwenye haya nyingi na mtoro wa shule. Alipelekwa katika shule ya Wiltwyck, iliyotunza wavulana wenye matatizo, na huko ndiko alikoanza kupata utulivu. Baadaye aliingia katika chumba cha mazoezi cha Cus D'Amato, mtu aliyekuwa mwalimu na meneja wake kwa miaka mingi.

Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 17, alipata nishani ya dhahabu ya uzito wa kati katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki. Rocky Marciano alipostaafu mwaka 1956 bila kushindwa hata mara moja katika mapambano 49, kiti cha ubingwa kilibaki wazi. Tarehe 30 Novemba mwaka huo, katika mji wa Chicago, Patterson alimwangusha mkongwe Archie Moore katika raundi ya tano. Alikuwa na umri wa miaka 21, na kabla yake hapakuwa na kijana wa umri huo aliyepata kuwa bingwa wa uzito wa juu. Sifa hiyo alikaa nayo mpaka mwaka 1986, ilipochukuliwa na Mike Tyson, kijana mwingine aliyefunzwa na D'Amato yule yule.

VITA VYA MENEJA

Hapa ndipo ubishi unapoanza. Katika miaka ile mapambano mengi makubwa ya Marekani yalikuwa mikononi mwa kampuni moja, International Boxing Club, iliyoongozwa na James Norris. Mpiganaji aliyetaka ubingwa alilazimika kupita mlangoni mwake. Tena nyuma ya biashara ya ngumi walikuwapo watu waovu, mkubwa wao akiwa Frankie Carbo, ambaye mwaka 1961 alihukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa makosa ya kutoza fedha kwa vitisho.

D'Amato alikataa kushirikiana na kampuni hiyo. Alisema kwamba bingwa wake hatapigana na mpiganaji ye yote aliye chini ya watu wale. Watetezi wa Patterson husimama juu ya jambo hili. Wasema kwamba meneja alikuwa akipigania uhuru wa mchezo wenyewe, na kwamba historia ilimpa haki, kwa kuwa mwezi wa Januari 1959 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha hukumu ya kuivunja kampuni ile kwa sababu ilihodhi biashara isivyo halali.

Hayo ni kweli. Walakini wapinzani nao wana neno lao. Wasema kwamba sababu njema yaweza kuwa kichaka kizuri cha kujifichia. D'Amato alipokwisha kuwakataa wote waliokuwa na uhusiano na kampuni, wapiganaji wengi walio hatari zaidi walikuwa wamekwisha kukataliwa pamoja nao. Wala yeye mwenyewe hakubaki safi machoni pa watu wote, maana mwaka 1959 wakuu wa ngumi wa New York walimnyang'anya leseni yake, baada ya uchunguzi wa mambo yaliyozunguka pambano moja la bingwa wake.

KURASA MBILI ZA DAFTARI

Daftari la bingwa lina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa watu aliopigana nao. Wa pili ni wa watu walioachwa wakingoja mlangoni.

Katika ukurasa wa kwanza wa Patterson, jina la kwanza ni Tommy Jackson, aliyeshindwa mwezi wa Julai 1957. Huyo hakuna anayemlalamikia sana. Lakini mwezi uliofuata, huko Seattle, Patterson alipambana na Pete Rademacher. Rademacher alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1956, lakini hakuwa amepigana hata pambano moja la kulipwa. Pambano lake la kwanza katika kazi hiyo likawa la ubingwa wa dunia! Katika raundi ya pili alimwangusha bingwa chini, watu wakashangaa. Kisha Patterson akainuka, akammaliza katika raundi ya sita.

Mwaka 1958 alipigana mara moja tu kutetea ubingwa, na Roy Harris wa Texas, ambaye naye alimwangusha katika raundi ya pili kabla ya kushindwa. Mwezi wa Mei 1959 akaja Brian London wa Uingereza. London alikuwa amekwisha kupigwa na Henry Cooper mwezi wa Januari mwaka ule ule, hata hakuwa tena bingwa wa nchi yake mwenyewe. Alitolewa katika raundi ya 11.

Sasa tufungue ukurasa wa pili. Wakati huo walikuwapo Eddie Machen na Zora Folley, waliohesabiwa kuwa katika safu ya mbele ya wagombea. Wote wawili walingoja. Kwa kuwa bingwa hakuwaita, walipigana wao kwa wao huko San Francisco mwezi wa Aprili 1958, wakatoka sare. Mwezi wa Septemba Machen alikwenda Sweden, akapigwa na Ingemar Johansson katika raundi ya kwanza. Mwezi wa Oktoba Folley naye alishindwa na Cooper huko Uingereza. Hivyo nafasi zao zikapotea. Walikuwapo pia Cleveland Williams na Nino Valdes. Na nyuma yao alikuwa akipanda mtu wa kutisha kuliko wote, Charles Liston, aliyejulikana kwa jina la Sonny.

Mpenzi wa ngumi hukumbuka majina ya mabingwa, na mara nyingi huwasahau waliongoja. Lakini miaka ya mpiganaji ni michache. Aliyengoja miaka mitatu amepoteza labda nusu ya nguvu zake, na hakuna awezaye kumrudishia. Mfano mkubwa wa zamani ni Harry Wills, mtu mweusi aliyemngoja Jack Dempsey katika miaka ya 1920. Dempsey alikaa na ubingwa tangu 1919 mpaka 1926, na Wills hakupata nafasi mpaka alipozeeka, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi na hofu ya wafanya biashara. Ndiyo maana swali la "Alipigana na nani?" si la upuzi. Ndani yake mna haki ya mtu mwingine.

KUANGUKA NA KUINUKA

Tarehe 26 Juni, 1959, katika uwanja wa Yankee Stadium, Patterson alikutana na Johansson yule aliyempiga Machen. Mswidi huyo alimwangusha mara saba katika raundi ya tatu, na mwamuzi akasimamisha pambano. Wapinzani wa Patterson walisema kwamba bingwa wa kuchaguliwa amekutana na mtu wa kweli, na mambo yamefunuliwa.

Lakini yaliyofuata hawakuyatarajia. Mpaka wakati huo hapakuwa na bingwa wa uzito wa juu aliyepata kupoteza ubingwa kisha akaurudisha. Wengi walijaribu wakashindwa. Patterson alirudi katika mazoezi, na tarehe 20 Juni, 1960, alimpiga Johansson katika raundi ya tano kwa ngumi ya kushoto iliyomlaza muda mrefu. Patterson alipiga magoti kumwangalia mtu aliyemwangusha. Mwezi wa Machi 1961 wakakutana mara ya tatu huko Miami Beach. Patterson aliangushwa tena, akainuka tena, akashinda katika raundi ya sita.

Hata hivyo desturi ya zamani ilirudi. Mwezi wa Desemba 1961 alipigana huko Toronto na Tom McNeeley, mtu ambaye hakuwa amepimwa na wakubwa, akamwangusha mara nyingi na kumtoa katika raundi ya nne. Katika muda huo Liston alikuwa amekwisha kuwapiga Williams mara mbili, Valdes, Folley na Machen. Yaani ule ukurasa wa pili wa daftari la Patterson, Liston alikuwa ameusafisha peke yake.

UAMUZI WA 1962

Palikuwa na sababu nyingi za kumkataa Liston. Alikuwa amefungwa gerezani kwa unyang'anyi, na waliomsimamia walishukiwa kuwa na uhusiano na Carbo na wenzake. Wakuu wa ngumi wa New York walikataa kumpa leseni. Baadhi ya viongozi wa watu weusi waliona kwamba bingwa mwenye sifa mbaya angeharibu kazi ya kudai haki za raia. D'Amato hakutaka pambano hilo hata kidogo. Kama Patterson angetaka kujificha, hakupata kuwako kichaka kikubwa kuliko hicho, na watu wengi wenye heshima wangempongeza.

Patterson alikataa kujificha. Alishikilia kwamba Liston amekwisha kulipa deni lake gerezani, kwamba ndiye mgombea wa haki, na kwamba bingwa asiyempa nafasi hana raha ya kujiita bingwa. Akaamua kinyume cha meneja wake.

Tarehe 25 Septemba, 1962, huko Chicago, aliingia ulingoni akiwa na uzito wa ratili 189, na Liston ratili 214. Kabla ya raundi ya kwanza kwisha Patterson alikuwa amehesabiwa kumi. Aliondoka mjini usiku akiwa amevaa ndevu za bandia ili watu wasimtambue, na jambo la kusikitisha ni kwamba ndevu hizo alikuwa amekwisha kuziweka tayari kabla ya kupigana. Mwezi wa Julai 1963 walirudiana huko Las Vegas, na mambo yakawa yale yale: raundi ya kwanza.

HUKUMU

Wako wasemao kwamba mapambano hayo mawili yalithibitisha kila neno baya lililosemwa juu ya Patterson. Hukumu hiyo ina upungufu. Kushindwa na Liston kulionyesha kwamba Liston alikuwa na nguvu zaidi. Hakukuonyesha kwamba Patterson alikuwa mwoga. Mwoga asingefika Chicago.

Joe Louis naye alipata kudhihakiwa kwa wapinzani wake. Kati ya Desemba 1940 na Juni 1941 alitetea ubingwa mara saba katika miezi saba, na watu wakasema kwamba anapigana na mnyonge mmoja kila mwezi. Lakini wa saba katika hao alikuwa Billy Conn, aliyekaribia kumshinda. Louis alitetea ubingwa mara 25 kwa jumla, na waliokuwa hodari hawakusahauliwa. Patterson alitetea mara sita tu, na nne za kwanza haziwezi kumletea sifa nyingi. Kwa kipimo hicho hawezi kuwekwa bega kwa bega na Louis, na watetezi wake wafanya vyema wakikubali hivyo.

Vile vile yafaa kuangalia alivyofanya alipokuwa hana tena taji la kulinda. Mwezi wa Julai 1964, huko Stockholm, alipigana na Eddie Machen, yule yule aliyeachwa akingoja, akamshinda kwa pointi. Ushindi huo unauma zaidi kuliko kutukuza, kwa sababu unaonyesha kwamba huenda angeweza kumshinda tangu zamani, wakati ambapo ungekuwa na thamani kubwa kwao wote wawili. Kisha alikutana na George Chuvalo, akakutana na Muhammad Ali mara mbili, mwaka 1965 na 1972, na hakuwakwepa wenye nguvu.

Basi hukumu ya haki yaweza kuwa hivi: miaka ya kwanza ya ubingwa wake ilikuwa ya D'Amato, na wapinzani walichaguliwa kwa hesabu; siku ya Chicago ilikuwa ya Patterson mwenyewe. Katika ile miaka alishinda na heshima yake ikapungua. Katika siku ile alishindwa, na ndiyo inayotajwa na wanaomheshimu. Wazee walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Patterson alichelewa kulikubali neno hilo, lakini alilikubali akiwa bado na taji kichwani, wakati ambapo kulikataa kungekuwa rahisi.