Pai ya Mabibo Yaliyogandishwa: Somo la Maji Jikoni

Mwalimu anayepangiwa shule ya Masasi au Newala huona upesi kwamba vitabu vingi vya mapishi hutaja matunda ambayo watoto wake hawajapata kuyaona. Pai, vitabu vyasema, hupikwa kwa tufaha. Hatuoni sababu ya mtoto kukariri tunda la ugenini ilhali mabibo yanaoza chini ya mikorosho ya wazazi wake. Basi twakusudia kueleza jinsi ya kufundisha upikaji wa pai kwa tunda hilo la nyumbani, na tutakaa zaidi juu ya jambo moja, yaani maji.

Shida ya bibo ni muda. Msimu mkuu wa korosho ni Oktoba hadi Desemba, na bibo lililoanguka huharibika katika siku moja au mbili. Korosho huokotwa, bibo huachwa, ingawa lina vitamini C nyingi kuliko chungwa na uzito wake ni mara kadhaa ya ule wa korosho yake. Njia ya zamani ya kulihifadhi ni kulikausha juani, likawa kochoko, ambayo nyingi huishia kwenye pombe (jambo ambalo watoto wanalijua, wala mwalimu hana haja ya kulificha). Penye umeme iko njia ya pili, nayo ni kugandisha.

Njia hizi mbili hufanya kazi kinyume. Kochoko imepoteza maji, hivyo hutaka kulowekwa. Tunda lililogandishwa halikupoteza kitu, lakini likiyeyuka huachia maji mengi. Tunda limejengwa kwa seli ndogo zenye kuta. Maji ya ndani yakiganda hutanuka na kufanya fuwele zinazotoboa kuta hizo, na barafu ikiyeyuka hakuna tena kinachoyazuia yasimwagike. Mtoto aliyewahi kuona chupa iliyojaa maji ikipasuka katika friji ya dukani ataelewa mara moja.

Lakini asielezwe kwanza, aone kwanza. Pima vipande vya embe vya uzito sawa, mafungu mawili. Fungu moja ligandishwe usiku kucha, la pili likatwe asubuhi ya somo. Yawekeni yote juu ya chujio lenye bakuli chini yake. Kabla ya kungoja, kila kikundi kikisie ni vijiko vingapi vitapatikana, na makisio yaandikwe ubaoni. Baada ya saa moja au zaidi, barafu ikiisha kuyeyuka, wahesabu. Juu ya Uwanda wa Makonde, ambako mvua huzama mbali ardhini na akina mama wameteremka mabondeni vizazi kwa vizazi kuteka maji, mtoto hahitaji kuambiwa kwamba maji ni kitu cha kupimwa.

Sasa tuje kwenye pai. Kabla ya kugandisha, korosho inyofolewe, nayo isisogezwe kabisa karibu na moto wa darasa, kwa maana mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Mabibo yakatwe, yachemshwe dakika chache katika maji ya chumvi kidogo ili ukakasi upungue, yachujwe, kisha yatandazwe chomboni safu moja. Yakirundikwa huganda polepole, na fuwele huwa kubwa zaidi.

Siku ya kupika, yayeyushwe juu ya chujio. Maji yake yasimwagwe, kwani ndimo ilimo ladha. Yachemsheni pamoja na sukari, kisha koroga kijiko kimoja cha wanga wa muhogo katika maji baridi kidogo na kumimina humo, mkikoroga mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Wapishi wa Ulaya na Marekani hununua wanga huohuo dukani kwa jina la tapioka. Wanafunzi wako wataupata kwa kukuna muhogo mtamu, kuukamua kwa kitambaa na kuacha maji yatuame. Changanyeni uji na matunda, na ungojeni upoe kabisa. Ukitiwa moto utayeyusha mafuta ya kinyunga kabla hakijaiva.

Kinyunga ni gramu 200 za unga wa ngano, gramu 100 za siagi, chumvi na vijiko vichache vya maji baridi. Kisikandwe sana, kitakuwa kigumu. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu hutosha kuwa oveni: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kwa muda wa dakika 40 hivi.

Unga na siagi ni ghali, kwa hiyo gawanyeni kinyunga hicho kimoja katika pai mbili ndogo. Ya kwanza ijazwe kama tulivyoeleza. Ya pili ijazwe matunda yaliyotoka katika barafu, bila kuchujwa wala kutiwa wanga. Zikiiva na kupoa, zikatwe, na wanafunzi wainue kipande cha kila moja watazame upande wa chini. Pai ya pili nayo italiwa. Kitako chake kikiwa kibichi, irudishwe juu ya makaa.