Mchezo Usiojua Kusamehe

Ndugu wasomaji, wazee wetu walisema kwamba usilolijua ni kama usiku wa kiza. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na umri wangu umevuka miaka hamsini. Nilipoanza kusikia vicheko vya vijana nyumbani kwangu kila baada ya Isha, wameikabili kompyuta kuukuu aliyoileta mwanangu, nilidhani ni yale maovu ya picha tunayoonywa kila siku. Nikataka kupiga marufuku. Kisha nikakumbuka kwamba kadhi hahukumu kabla ya kusikiliza, nikavuta kiti nikaketi nao.

La ajabu, picha sikuiona hata moja. Palikuwa na kioo cheusi na maandishi matupu. Mwanangu akanieleza kuwa mchezo ule huitwa monop, na mwandishi wake ni Ken Arnold wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika zama ambazo kompyuta nyingi zilikuwa hazijui kuchora. Umeigwa kutokana na ule mchezo wa ubao uitwao Monopoly. Huchezwa na watu mpaka 9 kwa mashine moja. Kila mmoja huandika jina lake, hupewa dola 1,500 za mchezo, na zamu yake ikifika huandika neno: la kutupa dadu, la kununua, la kujenga, la kubadilishana mali na mwenziwe, au la kutazama daftari la mali ya kila mtu. Lipo hata neno la kuuhifadhi mchezo ili uendelee siku nyingine, na adhana ikitoka hakuna udhuru wa kubaki kitini.

Njia ya mchezo ina vituo 40, na kati ya hivyo 28 vyaweza kununuliwa. Mitaa yake ina majina ya mitaa ya Atlantic City, mji wa pwani ya Marekani. Mtaa wa bei ndogo kabisa ni dola 60, na wa bei kubwa, uitwao Boardwalk, ni dola 400. Mwenye mtaa hutoza kodi kila apitaye akatua pale. Boardwalk ikiwa tupu kodi yake ni dola 50, lakini ikijengwa hoteli hufika dola 2,000, zaidi ya fedha yote mtu aliyoanza nayo. Aliyepungukiwa huweka mali yake rehani kwa nusu ya bei, na akitaka kuikomboa hulipa nusu hiyo na juu yake sehemu moja katika kumi. Msomaji hana haja ya kuambiwa jina la ile sehemu moja. Sura ya Baqara imekwisha kulitaja na kulikataza.

Usiku ule nilicheza nao ili niujue. Alikuwapo mwanangu, binti yangu, na mpwa wangu wa miaka 12, mtoto wa marehemu dada yangu, ninayemlea. Nakiri kwamba dadu zilinipendelea. Nikainunua Boardwalk na jirani yake, nikajenga, na mpwa wangu akatua juu ya hoteli yangu akiwa na dola 340 tu. Mashine haikumwuliza neno. Ilimkata kodi, ikamwonyesha deni, ikakataa kuendelea mpaka alitafutie njia. Mtoto akauza nyumba zake kwa nusu ya gharama, akaweka mitaa yake rehani, na bado hazikutosha. Akatoka mchezoni, na vyote alivyokuwa navyo vikaandikwa kwa jina langu.

Ndugu wasomaji, mimi nilicheka. Nilimcheka yatima. Naye akaniambia kwa adabu, "Usiku mwema, Mjomba," akaenda zake kulala.

Asubuhi yake nilimwuliza mwanangu kama miongoni mwa maneno yale yote hakuna neno la kumsamehe mtu kodi yake. Akasema, "Baba, hakuna. Mashine hukata yenyewe." Kisha akanihadithia asili ya mchezo, nami nikastaajabu zaidi.

Aliyeubuni si mtu wa kupenda mabwana wa majumba, bali ni mwanamke mmoja wa Marekani, Elizabeth Magie, aliyepewa hati ya ubunifu wake mwaka 1904. Aliuita Mchezo wa Mwenye Ardhi. Yeye alifuata mafundisho ya Henry George, mwandishi aliyesema katika kitabu chake cha mwaka 1879 kwamba thamani ya ardhi huletwa na watu wote, basi pato lake lisiliwe na wachache. Magie aliandika kanuni za namna mbili: ya kwanza mmoja hukusanya vyote na wenziwe hufilisika, ya pili kila mtu hupata fungu ardhi inaponufaisha. Alitaka watoto wazicheze zote mbili, wapime wenyewe. Lakini mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers iliununua mchezo kwa Charles Darrow, aliyeutoa kama wake, naye akatajirika. Mama yule alinunuliwa hati yake kwa dola 500 tu, akafa mwaka 1948. Dunia ikazishika kanuni za kwanza, ikazisahau za pili. Funzo la kuichukia pupa likageuka kuwa furaha ya pupa.

Maandishi ya programu hii yako wazi. Ajuaye huweza kuyasoma na kuyarekebisha. Mwanangu akakaa siku mbili akaongeza jambo moja: mtu akidaiwa kodi, mashine imwulize kwanza mwenye mtaa, "Wadai au wasamehe?" Tukaketi tena. Safari hii dadu zilinigeuka. Nikatua Illinois Avenue, na hoteli iliyokuwapo ni ya mpwa wangu. Kodi yake dola 1,100, nami sina hata 200. Mashine ikamwuliza. Mtoto akanitazama, akasema, "Mjomba huna kitu. Endelea tu," akaandika neno la kusamehe.

Sikuweza kuendelea. Katika mfuko wa kanzu yangu mlikuwa na barua. Nina chumba cha uani nilichompangisha mama mjane auzaye maandazi, na kodi ya miezi mitatu ilikuwa haijalipwa. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia ahame mwisho wa mwezi. Kila mwaka nawasomesha watoto ile aya ya kumngoja mdaiwa mwenye dhiki mpaka afarijike, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Nawasomesha kwa tajwidi. Mtoto mmoja aliisikia. Mwalimu wake alikuwa na barua mfukoni.

Barua nimeichana. Miezi miwili nimemsamehe mama yule, na wa tatu atalipa kidogo kidogo kadiri ya biashara yake. Simweki mtu huyu hapa ili nisifiwe, maana sifa ni ya yule mtoto.

Ama habari ya dadu, nilimwendea shehe wetu, akaniambia kwamba wengi wa wanazuoni wameikataza michezo yake hata pasipo kamari, na wachache wameiona ni makuruhu. Basi nimeuacha mchezo, na vijana nimewaeleza sababu. Wazazi wenzangu, nanyi waulizeni wajuzi wenu. Lakini kaeni na watoto wenu mtazame wanachocheza kabla ya kukemea, na mtazame pia nyuso zenu wenyewe wakati mnaposhinda.

Mwenyezi Mungu atujaalie mioyo inayojua kusamehe. Amin.