Je, wajua? Utulivu wa seli unavyoinyima HIV chakula

Majengo ni mtaa ulioko Pumwani, Nairobi. Huko, mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walianza kufuatilia afya ya wanawake waliojipatia riziki kwa biashara ya ngono. Frank Plummer alikuwa mmoja wa viongozi wa utafiti huo. Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyekuja kuwa profesa, aliketi na wanawake wenyewe, akawasikiliza. Bila imani aliyoijenga, hakuna ambaye angerudi kutolewa damu mwaka baada ya mwaka.

Kati ya wanawake 424 waliojiunga wakiwa hawana virusi hadi 1994, 239 waliambukizwa. Lakini wachache walikutana na HIV tena na tena, na kila kipimo kikaonyesha hawana.

Mtu angedhani kinga yao ilikuwa kali kupindukia. Ni kweli baadhi yao walikuwa na seli zilizoitambua HIV na kuishambulia. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa 2009 na 2010 ulionyesha jambo la kushangaza zaidi: seli zao za CD4, yaani seli za kinga ambazo HIV huzivamia, zilikuwa zimetulia kuliko za wanawake wengine, na jeni ambazo virusi huzitegemea zilifanya kazi kwa kiwango cha chini. Siri iko hapo. HIV haiwezi kuzaana peke yake. Inahitaji seli iliyoamka, yenye malighafi tele na mitambo inayozunguka. Ikiingia kwenye seli iliyolala, mara nyingi hukwama.

Ni nini basi kinachoilaza seli? Mojawapo ya vidhibiti vyake ni mikroRNA, uzi wa herufi 22 hivi za kijenetiki. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliugundua katika mnyoo wa milimita moja, wakachapisha habari zake 1993, na mwaka 2024 wakatunukiwa Nobeli ya tiba. Jeni inapotaka protini itengenezwe, hutoa nakala ya RNA yenye maagizo. MikroRNA hujishikiza kwenye nakala hiyo, na protini haitengenezwi, au hutengenezwa kidogo. Ni kama barua iliyozuiliwa posta: imeandikwa, lakini haimfikii mwenyewe.

Seli ya kinga inapoamshwa, mizani ya nyuzi hizi hubadilika. miR-150, iliyojaa katika seli tulivu, hupungua, miR-155 hupanda. Panya walioondolewa miR-155 walionekana kuwa na kinga dhaifu, kwa hiyo kuamka si kosa la mwili. Ni kazi yake.

Mwaka 2007 maabara ya Hui Zhang, Philadelphia, Marekani, ilionyesha kwamba miR-150 na nyingine nne, zikiwemo miR-28 na miR-223, hujishikiza kwenye RNA ya HIV yenyewe. Zilipozuiwa katika seli tulivu za wagonjwa waliokuwa wakitumia ARV, dawa za kudhibiti HIV, virusi vilivyojificha vilianza kutoka.

Hapo ndipo penye uchungu. Utulivu unaomkinga mtu ambaye hajaambukizwa ndio unaoificha HIV ndani ya aliyeambukizwa. ARV huzuia virusi vinavyozaana. Vilivyolala haviguswi, na dawa zikiachwa huamka. Ndiyo maana wanasayansi wanaotafuta tiba kamili wamegawanyika: wapo wanaotaka kuiamsha seli ili virusi vijitokeze, na wapo wanaotaka kuvilaza virusi hivyo daima.

Katika kuzuia maambukizi, Nairobi imejaribu njia ya kawaida mno: aspirini. Wanawake wasio katika hatari kubwa ya kuambukizwa walimeza dozi ndogo kila siku kwa wiki sita, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kuwa seli ambazo HIV huzilenga zilipungua kwa asilimia 35 katika njia yao ya uzazi. Aspirini haijachukua nafasi ya kondomu wala ya PrEP, dawa za kuzuia maambukizi. Hata hivyo, wazo lililozaliwa Majengo, la kuinyima HIV seli zilizoamka, lilikuwa limejaribiwa kwa kidonge kinachouzwa kila duka la dawa.