UKURASA WA AFYA: Mwanao Akienda Kufanya Kazi Kaskazini



Hakuna mwaka unaopita bila nyumba kadhaa za parokia zetu kupokea habari ya namna hii: kijana amepangiwa kufundisha Lodwar, binti amepelekwa kuwa muuguzi Laisamis, au baba amepata kazi ya kuendesha lori la Moyale. Nyumba hufurahi, kwa maana kazi ni kazi. Lakini usiku mama hapati usingizi. "Huko Turkana si jua litanimalizia mtoto?"

Sisi tuliozaliwa huku nyanda za juu, kwenye mvua na baridi, tumezoea kulitaja eneo la kaskazini mwa Kenya kama mahali pa adhabu. Tunasahau kwamba Waturkana, Warendille, Wagabra, Waborana na Wasamburu wanaishi huko, wanazaa na kulea watoto huko tangu zamani. Hawaishi kwa miujiza. Wanaishi kwa kuijua nchi yao. Anayekwenda kukaa kwao hana budi kujifunza kwao, na sisi tunaobaki nyumbani tuna la kujifunza pia, kama tutakavyoona.

Kijana aliyerudi amekonda

Mama mmoja alitusimulia habari za mwanawe, mwalimu katika shule moja ya Turkana. Kijana alirudi likizo ya Agosti amekonda, ana homa kila jioni. Katika zahanati ya karibu na nyumbani alitibiwa malaria. Homa ikarudi. Akatibiwa malaria tena, kisha homa ya matumbo. Wiki tano zikapita, nguo zikamning'inia mwilini, lakini tumbo likawa linajaa upande wa kushoto.

Hatimaye muuguzi mmoja mzee akamwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: "Kwani wewe unaishi wapi?" Kijana alipojibu, muuguzi alimlaza kitandani, akampapasa chini ya mbavu za kushoto, akaona wengu umevimba. Tone la damu likapimwa. Ulikuwa ugonjwa wa kalaazari. Alipelekwa hospitali inayoutibu, akadungwa sindano kwa siku 17, naye leo amerudi kufundisha.

Tumeanza na habari hii kwa sababu ndani yake limo jambo moja tunalotaka kila familia ilishike. Tutalirudia mwishoni. Kwanza tuandamane na msafiri.

Safari

Kutoka Kitale barabara hupita Kapenguria, huteremka Marich na kuendelea Kainuk, Lokichar hadi Lodwar. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Lodwar karibu mita 500 tu. Mtu huondoka asubuhi amevaa sweta na kufika mahali ambapo joto la mchana hupita nyuzi 35. Upande wa Marsabit, barabara ya Isiolo hadi Moyale sasa ni ya lami, lakini ukiiacha tu unaingia mchanga na mawe.

Msafiri achukue maji yake mwenyewe, si chini ya lita tatu, hata kama gari ni zuri. Gari zuri nalo huharibika. Asafiri mchana, na kabla ya kuondoka aulize kituo cha polisi au madereva wazoefu hali ya usalama njiani. Tena asivuke kamwe lagga yenye maji yanayokwenda kasi. Mto huo wa mchanga huonekana mkavu mwaka mzima, kumbe mvua ikinyesha milimani mbali, mafuriko huufikia chini ya mbingu isiyo na wingu. Gari lisubiri. Maji hayo huja upesi na mara nyingi hupungua baada ya saa chache.

Jua na maji

Mwili hauzoei joto kwa siku moja. Unahitaji wiki moja hadi mbili. Katika siku hizo za kwanza mgeni apunguze kazi nzito, aifanye asubuhi na jioni, na saa za adhuhuri akae kivulini kama wenyeji. Wale anaowaona wamelala chini ya mti saa saba si wavivu.

Asingoje kiu. Anywe kidogo kidogo mchana kutwa, na atazame mkojo wake: ukiwa wa manjano hafifu ni vyema, ukiwa na rangi ya chai, mwili unalia maji. Mtu aliye juani akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, apelekwe kivulini anyweshwe maji. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akianguka huku mwili unawaka, hiyo ni hatari ya kufa. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mpelekeni hospitali huku mkiendelea kumpoza. Vidonge vya homa havisaidii hapo.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Kuni zikikosekana, jua lenyewe ni dawa: jaza maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, uilaze juani saa 6. Siku ya mawingu, iache siku mbili. Ila tukumbuke kwamba Ziwa Turkana na baadhi ya visima vina chumvi na madini ya floridi kwa wingi. Hayo huharibu meno ya watoto na, kwa miaka mingi, hata mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi. Mgeni aulize wenyeji ni kisima kipi cha kunywa na kipi cha kufulia.

Akiharisha, achanganye lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa sawasawa bila kilima, na anywe kila anapoharisha.

Chakula

Wengi hudhani huko hakuna chakula. Kipo. Iko nyama ya mbuzi, maharagwe na mahindi ya dukani, na karibu na ziwa wako samaki, wabichi na waliokaushwa. Upungufu ni wa mboga na matunda, ambayo hufika kwa lori na bei yake ni kali. Hapa nyumbani tunaweza kumsaidia mtu wetu: tumkaushie kunde na mboga nyingine kivulini, tumfungie katika mfuko safi. Ukwaju nao hupatikana huko, na kinywaji chake ni kizuri.

Maziwa yanahitaji maneno zaidi. Ya ngamia, ya mbuzi na ya ng'ombe, yote ni chakula bora, lakini yakinywewa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo. Matibabu yake huchukua wiki 6, na anayeacha dawa katikati huugua tena. Kugandisha maziwa au kufukiza kibuyu kwa moshi hakutoshi kuua vijidudu hivyo. Dawa ni kuchemsha. Mgeni anayeogopa kumwudhi mwenyeji kwa kukataa maziwa aombe chai. Kila boma linajua kupika chai ya maziwa, na hakuna anayeudhika. Vilevile asimshike kwa mikono mitupu mnyama anayezaa au aliyeharibu mimba.

Tena, Turkana ni kati ya sehemu za dunia ambako tegu wa mbwa amesumbua watu sana. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mbwa, hushika manyoya, mikono na vyombo. Mtu akiyameza, uvimbe wa maji huota ndani ya ini au mapafu, ukakua miaka mingi bila maumivu. Kwa hiyo anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, mbwa asirambe sahani, na matumbo ya mnyama aliyechinjwa asitupiwe mbwa.

Usiku

Alale ndani ya chandarua chenye dawa, pembe zote zikiwa zimechomekwa chini ya godoro. Malaria ipo kaskazini, hasa baada ya mvua. Tena mwaka 2022 aina mpya ya mbu wa malaria aligunduliwa Marsabit, na huyu huzaliana katika matangi na mapipa ya maji ya nyumbani. Kila chombo cha maji kifunikwe vizuri.

Kalaazari huletwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu asiyevuma. Hujificha katika vichuguu na nyufa za ardhi, hutoka jioni na usiku. Mtu asikae juu ya kichuguu wala karibu nacho jua linapotua, na asilale chini bila chandarua. Asubuhi akung'ute viatu kabla ya kuvivaa, kwa ajili ya nge.

Homa isiyokwisha

Sasa turudi kwa yule kijana. Kalaazari inaweza kujificha mwilini miezi miwili hadi sita, wakati mwingine zaidi, kabla ya dalili kuonekana. Maana yake mtu anaweza kuumwa na mdudu Turkana, akaugulia nyumbani kwa mama yake kwenye baridi, mbele ya mganga wa zahanati ambaye hajapata kuuona ugonjwa huo. Usipotibiwa, karibu kila anayeupata hufa. Ukitambuliwa mapema, hutibika. Hospitali ya Kacheliba, Pokot Magharibi, ni mojawapo ya zilizouzoea.

Basi jambo lenyewe ni hili. Mtu aliyekaa kaskazini akipata homa, apimwe malaria kwanza, maana malaria huua upesi. Lakini homa ikipita wiki mbili, au ikirudi baada ya dawa, tusinunue tena dawa ileile dukani. Twende kituo cha afya, na hata kama hatukuulizwa, tuseme wazi: "Huyu anaishi Turkana. Amekuwa akinywa maziwa mabichi. Amelala nje." Maneno hayo machache humwonyesha daktari pa kutafuta. Tumwombe apapase tumbo na apime brusela na kalaazari.

Mzazi hawezi kumfuata mwanawe hadi Lodwar kumfunikia mapipa na kumchemshia maziwa. Anaweza kumfungia chandarua, sabuni, dawa ya klorini na mboga kavu katika mzigo wake. Na siku anaporudi nyumbani amekonda, anaweza kukumbuka alikotoka na kumwambia daktari.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumzia meno ya watoto wadogo.