Kamera Langoni, Ufunguo kwa Nani?

Mama mpenzi, siku hizi ukipita Kihonda, Kilakala au Bigwa, hapa chini ya milima yetu ya Uluguru, utaona kamera za ulinzi kwenye nyumba kadhaa. Wengine wameiweka langoni kwa ajili ya wezi. Wengine wameiweka sebuleni, ili mama akiwa kazini aone mtoto ameshindaje na dada wa kazi. Hatuwalaumu. Lakini sisi tunaojitolea katika zahanati ndogo ya kanisa tulipata funzo ambalo si vema kulificha.

Tulifungiwa kamera mbili. Moja ilitazama dirisha la dawa, nyingine baraza la nje wanapokaa akina mama wakisubiri kupima watoto. Siku moja kijana wa kwaya aliyesomea kompyuta alimsindikiza mkewe kliniki. Akiwa pale kwenye benchi alitoa simu yake, na baada ya dakika chache akatuonesha picha ya baraza lile lile. Tuliwaona akina mama wakinyonyesha, kanga zimeshuka mabegani. Tulishikwa na aibu.

Kijana hakuvunja mlango wowote. Neno la siri la waifai tulikuwa tumelibandika ukutani kwa ajili ya wageni. Kamera nayo ilikuwa bado inatumia jina na neno la siri la kiwandani, yaani "admin" na "12345". Fundi hakubadilisha, nasi hatukuuliza.

Ufunguo mmoja, mtaa mzima

Hebu fikiri, je, ungenunua kufuli ambalo ufunguo wake unafungua makufuli yote mtaani? Ndivyo lilivyo neno la siri la kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu orodha ya maneno ya aina hiyo, yapata 60. Mwaka 2021 wavamizi walipata neno la siri la msimamizi katika kampuni ya Verkada ya Marekani, wakaweza kuona picha za kamera zipatazo 150,000, zikiwamo za hospitali.

La kufanya nyumbani

Kwanza, badilisha neno la siri la kamera siku ile ile inapofungwa, fundi akiwa bado yupo. Liwe refu, na lisiwe jina la mtoto wala namba ya simu.

Pili, badilisha pia neno la siri la ruta. Ruta nyingi zaweza kutoa waifai ya pili kwa wageni. Kamera isikae huko.

Tatu, kama programu ya simuni inakubali uthibitisho wa hatua mbili, uwashe. Hapo mwenye neno la siri peke yake hataingia.

Nne, kamera isitazame chumba cha kulala wala mahali pa kuoga au kunyonyeshea. Na dada wa kazi aambiwe kwamba ipo. Naye ni mtoto wa mama mwingine, pengine kule Mgeta au Matombo.

Penye kumbukumbu za wagonjwa

Nyumbani hayo yanatosha. Zahanati na shule zahitaji zaidi. Kamera yetu ya nje imeungwa kwa waya, na mtu akiuchomoa na kuchomeka kompyuta yake angeingia katika mtandao wenye majina ya wagonjwa. Kwa hatari kama hiyo ipo kanuni iitwayo 802.1X, iliyotolewa mwaka 2001 na chama cha wahandisi cha IEEE. Ni kama mlinzi wa lango la wodi. Kifaa kikichomekwa, swichi haikipitishi mpaka kioneshe kitambulisho. Kilicho bora ni cheti cha kielektroniki kilichomo ndani ya kamera. Seva hukikagua cheti hicho, na kamera nayo huikagua seva. Wasipotambuana, mlango haufunguki.

Lipo jambo moja ambalo wauguzi tutalielewa upesi. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kama dawa. Umeme ukikatika, saa ya kamera yaweza kurudi nyuma miaka mingi. Hapo kamera itaona cheti cha seva hakijaanza, nayo itakataa kuungana. Fundi aangalie saa kwanza kabla ya kusema kamera imekufa.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Picha ya mama anayetambulika ni taarifa yake.

Sisi tumeigeuza kamera ya baraza itazame lango, na neno la siri la ukutani tumelibandua. Kinga ni bora kuliko tiba, nasi tunalisema kila siku kliniki. Leo jioni, mama, muulize baba watoto au fundi swali moja: neno la siri la kamera yetu lilibadilishwa lini?