“Set off”: Kuondoka au Kulipua?

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba amri yapasa kuwa na maana moja tu. Somo hilo tulilikumbuka siku tulipoletewa karatasi ya mazoezi iliyoandikwa kwa Kiingereza, tuisomee kikosi kwa Kiswahili. Humo mlikuwamo maneno “set off” mara mbili: kikosi kifanye hivyo saa 11 alfajiri, na mafundi wa baruti wafanye hivyo waonapo ishara.

Karani wetu alikuwa ameandika “ondokeni” pahali pote pawili, kwani kamusi yake ndogo ilimpa maana hiyo peke yake. Ingalisomwa vivyo, mafundi wangaliondoka wakiiacha baruti nzima, na kikosi kingaliisogelea kikidhani imekwisha kulipuka.

Ndugu msomaji, “set” peke yake ni kuweka au kutega. Kikifuatwa na “off” huwa kitenzi kingine kabisa, wala huwezi kujumlisha maana za maneno hayo mawili ukapata jawabu. Pasipo kitu cha kutendwa, ni kushika njia: “We set off at dawn”, yaani tuliondoka alfajiri. Penye kitu cha kutendwa, mara nyingi ni kulipua au kuchochea: “They set off the charge”, walilipua baruti. Moshi nao huweza “set off” king’ora, na neno moja baya likazusha ugomvi wa kijiji kizima.

Ndugu zake ni wengi. “Set out” nacho ni kuondoka, ila hubeba nia zaidi. Asemaye “set out to” ametaja kusudi lake. “Set about” ni kuishika kazi, na pengine ni kumvamia mtu kwa ngumi. “Set in” huachiwa mvua, baridi na maradhi, mambo yaanzayo yakakaa.

Tusiwacheke Waingereza. Mgeni ajifunzaye Kiswahili akisikia “tumefunga safari” hudhani tumeiahirisha, kumbe ndiyo kwanza twajitwika mizigo. Nchini Uganda Kiswahili kimekuwa lugha ya askari tangu siku za King’s African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na mwaka 2005 kikawekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo tungali twafasiri kila siku, tena kwa haraka.

Karatasi ile tuliisahihisha kwa wino mwekundu: kikosi kitaondoka saa 11 alfajiri, baruti italipuliwa kwa ishara. Karani aliomba kamusi kubwa zaidi, naye akapewa.